Bomba Lililokatwa Njiani

Siku yangu ya kwanza karakanani Morogoro, Mkuu wa Karakana hakunipa nyundo wala tupa. Alinipa vipande viwili vya bomba, kirefu na kifupi, akaniambia nivipulize. Nikapuliza, mafundi wakacheka hadi machozi.

"Umesikia?" Mkuu akaniuliza. "Kirefu sauti nzito, kifupi sauti nyembamba. Urefu wa bomba ndiyo tabia yake. Usikate bomba kabla hujalisikiliza."

Nilidhani mzee ana mzaha. Kumbe hakuwa na mzaha hata chembe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tangu zamani watu wa milimani Uluguru walihifadhi mahindi darini, juu ya mafiga, moshi wa jikoni ukayakausha hata mvua inyeshe vipi. Sasa kijiji kimoja cha juu kilikuwa kimejenga ghala la pamoja la bati. Lilipendeza kulitazama, lakini ghala halina jiko, na mwaka huo mvua ilikataa kukatika. Mwenyekiti wa kijiji akateremka mjini, matope yamemfika magotini.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia Mkuu. "Mimi ndiye niliyewaambia watu wayatoe mahindi darini kwao. Yakioza watakula nini? Na mimi nitawatazama kwa macho gani?"

Mkuu akaamua tuunde injini ya mapigo. Vijana mtaniuliza ni kitu gani hicho. Ni bomba tu, halina pistoni wala vali, maana chuma chembamba cha kutengenezea vali hakikupatikana popote. Kuna chumba cha moto, bomba fupi la kuvuta hewa, na mkia mrefu wa kutolea moshi. Mafuta ya taa yakilipuka chumbani, gesi inakimbilia nje kupitia mkiani. Ikishatoka, chumba kinavuta hewa mpya na mlipuko mwingine unafuata, upesi kiasi kwamba unasikia ngurumo moja tu. Mkia ukipungua, mlipuko na pumzi vinapishana, na injini inazimika. Mkia huo tuliuzungushia mapipa, ili hewa safi ipite kandokando yake, ipate joto bila kugusana na moshi, kisha iingie chini ya mahindi. Tulipoiwasha uani kwa majaribio, kuku wa jirani walihama.

Njia ya juu ilikuwa ya miguu. Wanakijiji walibeba kila kitu vichwani na mabegani, mimi na Mkuu tukihema nyuma. Tulipofika ghalani nikaona mkia umekuwa mfupi.

"Tumeupunguza kidogo tu, fundi," alisema Mama Felista, aliyeongoza wabebaji. "Pale kwenye kona ya mwamba ulikataa kupita. Tukachukua msumeno kwenye kisanduku chenu. Si dohani tu ile?"

Hasira zilinipanda, kisha nikaona bega lake lilivyochubuka, zikashuka. Tukaiwasha hivyohivyo. Ikakohoa, ikatema moto, ikazimika. Ndani ya ghala mahindi yalikwisha kuanza kunuka uvundo.

Kipande kikafuatwa konani. Umeme wa kulehemu haukuwapo, kwa hiyo nilikiunga kwa ukanda wa bati la pipa, nikakaza bolti, nikaziba kwa udongo wa vyungu. Injini ikawaka. Lakini kiungo kilivuja kila kilipotetemeka, na ilibidi mtu aliyeyajua mapigo yake akae ubavuni mwake, mkono kwenye koki ya mafuta, akiongeza na kupunguza. Nilikaa mimi. Pamba masikioni haikufua dafu.

Mkuu alinivuta nje kwa ukosi. "Toka pale! Masikio hayana spea!"

"Na mahindi yana spea, Mzee?"

Aliingia, akaketi mahali pangu, na tangu hapo tukapokezana mpaka punje ya mwisho ikakauka.

Kijiji kilikula. Mimi nilishuka na ngurumo kichwani. Baadaye nayo ikaondoka, ikachukua sauti nyingine zote. Mkuu yalimpata hayohayo, tukawa tunaongea kwa mikono kama mabubu hadi alipofariki. Nilihamishiwa Kingolwira, kisha Kisaki, nikitengeneza mashine kwa viganja, kwani mashine ikiugua mtetemo wake husema. Wajukuu wangu sijawahi kuwasikia hata mmoja. Hilo linaniuma, na mkiniuliza kama ningekaa tena pale ubavuni, nitawajibu kwamba ningekaa, lakini linaniuma.

Nilipostaafu nilipanda tena milimani. Mama Felista, sasa bibi kizee, alinishika mkono hadi shuleni kwao. Kwenye boriti ya baraza uling'inia mkia ule, kiungo changu wamekilehemu vizuri. Ndiyo kengele yao. Alinisemesha, nikaona midomo tu. Basi akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya bomba, akaligonga kwa jiwe.

Sauti ilinipanda mkononi hadi kifuani, nzito, ya bomba refu.