Kitufe cha Mkono Mgonjwa

Mwanangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kushoto ulilala. Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali ya Ndanda, nesi alinionyesha namna ya kuukanda, akasema asiache kuutumia. Neno hilo nililishika kuliko dawa. Kila asubuhi hapa Newala nilimkanda kidole kimoja kimoja, kisha tukaenda kufungua kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa kopi. Wateja wake nawajua kwa majina, na majina ya mama zao. Siyaandiki, maana wengi walikwisha kuhamia kwingine alipokuwa kitandani.

Kompyuta yake inatumia Linux, mfumo usioshikwa na virusi kirahisi. Mpangaji wetu, mwalimu mtu wa Mbeya, ndiye aliyemwekea, kwa kuwa ya zamani ilijaa virusi vya flashi za wateja. Humo, kuhama dirisha moja kwenda jingine ni kubonyeza vitufe viwili pamoja, na kwa mwenye mkono mmoja ni shida. Mwalimu akaingia kwenye mipangilio, akaifanya ikubali kitufe kimoja kwanza, kingine baadaye. Tukashukuru.

Kesho yake madirisha yakaanza kukimbia. Anachapa barua ya mama mmoja wa Kitangari, akigusa herufi hii, barua yote inajificha. Akiirudisha, herufi nyingine inafunga kioo na kudai neno la siri.

Yule mama akacheka pale kwenye benchi. "Mwenzangu, mashine yako ina haya kama mwali."

Mwanangu hakucheka. Yule mama alingoja, akangoja, mwisho akachukua karatasi zake akaondoka.

Mwalimu alipotoka kazini akapita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Hebu itazame hii, inamkimbia mwenyewe."

Akazima, akawasha, akapangusa kibodi, akachapa mistari kadhaa. Hakuna kilichokimbia.

"Kwangu imetulia, dada. Andika wewe, nikuangalie."

Mwanangu akaubeba mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, kama mtu anayemlaza mtoto, akauweka pale chini kwenye kitufe chenye picha ya dirisha. Kidole kikabonyea. Akakitazama, hakuamini, akabonyeza tena.

"Hapo hapo," alisema mwalimu. "Ukibonyeza mara mbili kinashikilia. Kila herufi inayofuata, kompyuta inadhani ni amri. Bonyeza mara moja tu."

"Nitajuaje kama nimebonyeza? Kidole chenyewe hakisikii."

Mwalimu akanitazama mimi kwanza, ndipo akamjibu. "Basi tumia huo mzima kwa vyote. Huo mwingine upumzike."

"Huo mkono usipumzike," nikasema. "Nesi alisema autumie. Ukizoea kulala, hauamki."

"Mama," mwanangu alisema polepole, "nesi alisema pia nile. Na mteja wangu kaondoka na karatasi zake, umemwona mwenyewe."

Akautoa mkono juu ya kibodi, akaushusha mapajani. Akabonyeza kile kitufe kwa kidole cha kulia, mara moja, kisha kingine. Dirisha likaja. Akachapa herufi, likabaki palepale.

"Imepona," alisema mwalimu.

Nilitaka kumwuliza ni nani aliyepona. Mwanangu alikuwa anachapa, na alikuwa anachapa haraka.