Maneno ya Mke Wangu Niliyompelekea Mjomba Wake

Kosa ni langu. Naanza hapo ili nisije nikajitetea katikati.

Mimi ni fundi wa pampu za maji hapa Kitale. Sikusomea chuoni. Nilijifundisha kwa vitabu, nikifungua mashine moja baada ya nyingine mpaka nikajua ugonjwa wa kila moja. Tabia hiyo nikaiingiza ndani ya ndoa. Nilikosea sana!

Mke wangu ni wa upande wa Myanga. Wazazi walifariki mapema, akalelewa na mjomba wake. Miaka yote tuliyoishi pamoja kulikuwa na kitu. Nikimgusa ghafla, anaruka. Mlango wa chumba ukifungwa, anashindwa kupumua.

Mwaka jana aliniambia sababu. Alipokuwa msichana, mtu mzima wa nyumbani kwao alimnajisi. Jina hakulitaja.

"Baba watoto, usiniulize ni nani. Nikiwa tayari nitasema."

Akaanza kwenda Bungoma kwa mshauri nasaha, mama mmoja mtulivu. Huko alichagua mwenyewe kiti cha kukalia, mlango uliachwa wazi, na akichoka kuongea, waliacha. Alikuwa anarudi mwepesi. Akaanza hata kuimba jikoni!

Siku moja mshauri aliniita, mke wangu akiwapo. "Baba, kazi yako si kumtengeneza," akaniambia. "Mwachie yeye aamue nani ajue, na lini."

Nikaitikia kwa kichwa. Kumbe nilikuwa na wivu! Mgeni anajua mambo ya mke wangu, mimi mume nangoja mlangoni?

Wakati huo mjomba alikuwa akinipigia simu kila mara.

"Mkwe wetu, habari ya huko? Msichana wetu anaendelea aje? Ati anaenda Bungoma, huko anasema nini?"

Ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyepokea mahari yangu. Nilimheshimu kama baba. Nikamweleza yote: kwamba alinajisiwa, habari ya mlango, na kwamba jina bado hajalisema.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mambo kama haya hayaponi kwa wageni. Ita kikao cha familia, mimi nitakiongoza."

Nikaita. Mke wangu nilimdanganya kwamba tunaenda kwa mjomba kusalimia tu. Tukanywa chai. Mjomba akaomba kwa sauti, kisha akamgeukia.

"Sasa wewe, ati mlango ukifungwa unashindwa kupumua? Si nyumba hii ilikuwa na mlango miaka hiyo yote, na ulikuwa unapumua? Acha kumsumbua mume wa watu, bana!"

Watu wakacheka.

Mke wangu hakumwangalia mjomba. Aliniangalia mimi.

"Ulikuwa unamwambia yeye?" akauliza polepole. "Yeye?"

Mungu wangu! Hapo ndipo nilipojua ni nani. Katika zile simu zote, yule mzee alikuwa akipima jina lake limekaribia mdomoni mwa mke wangu kiasi gani, na masikio aliyotumia ni yangu. Nilisalitiwa na mtu niliyemwita baba. Inauma mpaka leo. Lakini mke wangu alisalitiwa na mimi, mtu wa kwanza aliyewahi kumwambia!

Alitoka pale na mkoba wake tu. Sasa anaishi kwa rafiki yake Bungoma, na bado anaenda kwa mshauri. Simu yangu anaipokea ikiwa ni habari ya watoto.

Nilimwambia niko tayari kwenda naye polisi, hata kesho.

"Umeanza tena kupanga," akasema. "Nitaenda nikitaka, na mtu nitakayemchagua."

Hajasema kama ni mimi. Sijauliza.

Wewe unayesoma, ukiaminiwa jambo kama hili ndani ya nyumba yako, usiliitie kikao. Usilipeleke kwa mchungaji, kwa mzee, wala kwa ndugu yake unayemwona mwema kuliko wote. Hujui unayemwambia ni nani. Anayejua ni yeye peke yake, na ndiyo sababu alikuomba ungoje!