Kiti cha mwenye bucha kwenye hoteli ya ndengu

Saa kumi na moja alfajiri, kabla muadhini wa msikiti wa Majengo mjini Meru hajawasha kipaza sauti, Hidaya Athumani amesimama mlangoni kwake na kijiko mkononi. Hakorogi chai. Anakwangua ulimi.

"Usicheke," anamwambia mwandishi huku akikisuuza kijiko. "Huu ulimi ndio unaniambia kama jana nilikula vizuri ama nilikula upuzi."

Kisha anaketi na kunywa bilauri mbili za maji moto, polepole. Anajipaka mafuta ya simsim miguuni, maana baridi ya Meru ya mwezi wa saba haina huruma na mtu. Ndipo anaoga, anaswali na kuwasha jiko. Leo ameamka kabla ya saa yake ya kawaida, wala hafichi sababu. "Nimefurahi mpaka usingizi umenikataa."

Ana haki ya kufurahi. Kwa miaka mitatu amepikia kwenye kibanda cha mabati ambamo wateja walikula wamebanana viwiko. Leo, akiwa na umri wa miaka 51, anafungua chumba kizima chenye viti arubaini. Viti thelathini na tisa ni vya yeyote anayeingia. Cha arubaini, kilicho kando ya dirisha, amekifunga leso nyekundu. Hicho ni cha mumewe.

Mume mwenyewe yuko hatua ishirini tu kutoka hapo, ng'ambo ya barabara. Suleiman Abdilatif ana bucha, na tangu mkewe aanze biashara hii hajawahi kuonja hata kijiko kimoja cha chakula chake cha mchana.

Hidaya anapika kwa kufuata Ayurveda, elimu ya kale ya Wahindi kuhusu chakula, usingizi na mpangilio wa siku. Aliipata jikoni, katika miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi kwa bibi mmoja Mhindi mjini Meru, ambaye kila mtu alimwita Ba. Ba, ambaye sasa ni marehemu, hakumpa kitabu. Alimfundisha kwa kumkaripia.

"Akinipata nakula nimesimama, ananinyang'anya sahani," anakumbuka Hidaya akicheka. "Ananiambia, tumboni kuna moto. Jua likiwa juu, huo moto nao uko juu, kwa hivyo kula chakula kikubwa saa hiyo. Usiku moto umelala. Ukiurundikia kuni, moshi utakusumbua wewe mwenyewe."

Ba alimfundisha pia kwamba watu hawafanani: kuna wepesi na wakavu walio na upepo mwingi, kuna wa moto, na kuna wazito, watulivu, wa udongo. Wateja wa Hidaya wameyapenda maneno hayo kupita kiasi. Salesio, fundi wa baiskeli kutoka Kianjai ambaye sasa amepanga chumba Majengo, ni mmoja wao.

"Mama aliniambia mimi ni upepo," anasema. "Akaniambia niwache kukula mkate na soda baridi nikitembea. Sasa bibi yangu tukikosana anaambia majirani, 'Msijali, ni upepo wake tu umeanza.'"

Mambo hayakuanza vizuri hivi. Mwanzoni Hidaya alipika vile vile kama jikoni kwa Ba, kwa viungo na choroko za pakiti alizoagiza Nairobi. Kulikuwa na kiungo kimoja chenye harufu kali mpaka mteja mmoja akauliza kama kuna waya unaungua.

"Siku ya kwanza niliuza sahani tatu," anasema. "Moja nilikula mimi."

Aliyemwokoa ni Nelius Muthoni, mkulima wa Mbeere, Kaunti ya Embu, ambaye huleta nafaka Meru mara mbili kwa mwezi. Nelius aliona ile pakiti, akaishika, akaisoma, kisha akaketi chini kwa kicheko.

"Nikamwambia, Hidaya wangu, hizi si ndengu?" anasimulia Nelius. "Kwetu hizi tunapanda mpaka tunachoka kuziangalia. Wewe unaziagiza na karatasi ya kung'ara!"

Hapo ndipo Hidaya alikumbuka neno ambalo Ba alilirudia kila siku ya soko: kula kinachoota karibu nawe, kwa msimu wake. Akaanza upya na ndengu za Mbeere, mchele wa Mwea, samli kutoka Isiolo, uji wa wimbi asubuhi, na tangawizi badala ya pilipili. Sasa huuza sahani themanini kwa siku. Hakuna kula umesimama, hakuna soda baridi, na chakula kikubwa hutoka saa saba juu ya alama. Hajiiti daktari. Mtu mwenye dawa za hospitali humwambia azimeze kama alivyoagizwa.

Anayemsumbua ni yule wa nyumbani.

Mwezi wa tatu Suleiman alilazwa siku mbili kwa sababu ya alsa, vidonda vya tumbo. Daktari alimpa dawa, akamwambia ale kwa wakati, apunguze pilipili na aache kula nyama nyingi usiku. Dawa anameza. Mengine hayo ameyaacha hospitalini. Kutwa nzima hunywa chai tu, kisha usiku anashambulia nyama na ugali kwa pilipili za kutosha watu sita.

"Kaka yake alianza hivyo hivyo, na tukamzika," anasema Hidaya, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Mimi naogopa. Nalisha watu themanini, na mtu wangu analala ameshika tumbo."

Mwandishi anavuka barabara. Suleiman, mtu wa bashasha na mikono mipana, anajibu bila kuacha kukata.

"Mimi nikule ndengu hapo dirishani, wateja wakiniona?" anauliza. "Watasema nyama yangu iko na shida gani, mpaka mwenyewe ameihama! Chakula cha mke wangu, Mama Latifah, ni kizuri, nasikia. Lakini mimi ni mtu wa bucha."

Hidaya anapoletewa jibu hilo, Nelius yuko jikoni akishusha gunia. "Huyo mzee wako hatakula ndengu tupu," anasema Nelius. "Hata ukimfunga hiyo leso shingoni."

Hidaya anaacha kukoroga. Anapiga paja.

"Yallah! Nimekuwa mjinga!"

Amekumbuka alipojifungua binti yao Latifah, akiwa dhaifu hata kusimama hawezi. Nyumbani kwa Ba nyama haikuingia jikoni. Lakini ni Ba yuyo huyo aliyemwambia: "Sisi hatupiki. Wewe nenda kwenu, unywe supu ya mifupa mpaka upate nguvu." Hidaya alikuwa ameshika jiko la Ba akasahau maneno yake, kama zamani na zile pakiti.

Saa tatu asubuhi anavuka barabara, aproni kiunoni. Wenye mabucha wengine wanachungulia milangoni.

"Nipe mifupa ya mbuzi. Ya mguu. Kilo nne."

"Ya nini?" anauliza Suleiman.

"Ya kupika, Baba Latifah. Kwani wewe hapa unauza nini?"

Mwenye bucha wa jirani anapiga mluzi. Suleiman anapima kilo nne, anafikiria, kisha anaongeza mfupa mmoja mnene ambao haupiti kwenye mizani.

Saa saba chumba kinajaa. Kelele, vicheko, harufu ya samli na dania! Watu wanasubiri nje. Kiti chenye leso kiko kitupu. Saa saba na dakika kumi, bado. Na ishirini, bado. Hidaya anapakua huku jicho moja liko dirishani.

Kisha mlango unazibwa na mabega mapana.

"Nimekuja kuona mifupa yangu imefanyiwa nini," anatangaza Suleiman.

Anaketi ukingoni, kama mtu anayeondoka sasa hivi. Hidaya anamwekea wali uliopikwa pamoja na ndengu, na bakuli la supu ya tangawizi. Suleiman anaonja.

"Pilipili iko wapi?"

"Hakuna."

"Mm," anasema, na kuendelea. Kufikia nusu ya bakuli amekalia kiti chote. Akimaliza, anasukuma bakuli mbele. "Ongeza supu, Mama Latifah."

Hidaya anaongeza, anarudi jikoni na kujifuta macho kwa aproni. "Nimelia, andika hivyo," anasema. "Si aibu."

Mpango wake sasa ni kuwashawishi wenye mabucha wote wafunge nusu saa mchana. "Nataka Majengo yote ikule jua likiwa juu. Nimeanza na yule mgumu."

Jioni, kwenye ubao wa bei wa Suleiman, chini ya bei ya matumbo, maandishi ya chaki aliyoyaandika kabla ya kuvuka barabara yalikuwa bado yapo: NIMEENDA KULA. NARUDI SAA NANE. Hidaya alichukua kitambaa ayafute, mumewe akamshika mkono.

"Wacha ikae," alisema. "Kesho niandike tena ya nini?"