Mama Alipokwenda Kumwombea Mtoto wa Jirani

Ukuta uliotutenganisha na jirani zetu wa Great Barr, pembezoni mwa Birmingham, ulikuwa mwembamba, tukijua wanatazama nini kwenye televisheni, na wao bila shaka wakijua leo napigwa kwa kosa gani. Walijua, na hawakuja. Hilo liliniudhi utotoni kuliko hata makofi yenyewe.

Mama yangu alikuwa na mkono mwepesi. Kazi yake ilikuwa kuwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Edgbaston. Mchana kutwa aliwabembeleza, na akirudi nyumbani subira yote ilikuwa imebaki kule kule. Nikimjibu kwa Kiingereza alichoniuliza kwa Kiswahili, kandambili. Nikiacha sahani chafu kwenye sinki, kandambili. Baba alikuwa dereva wa basi, zamu za jioni, kwa hiyo hakuwapo mtu wa kusema basi yatosha.

Kwamba panatakiwa pawepo mtu wa kusema yatosha, nililijua nilipopelekwa likizo Unguja, kwao Mama. Mama mdogo akianza kumchapa mwanawe, mtoto alipiga yowe, "Nakufa jamani!" na kabla hajafa jirani keshafika mlangoni. "Hodi! Yatosha shoga, mwachie mimi." Mama mdogo alifoka kidogo kwa ajili ya heshima yake, akasema leo ningemtoa roho huyu kama si wewe, kisha akatupa ufito pembeni na wote wawili wakakaa kunywa chai. Mtoto kaombewa. Mwenye hasira kapata njia ya kuacha bila kuaibika, na jirani kaonekana mtu. Anayesikia mtoto wa mwenziwe analia akajikalia tu kwake hutazamwa kwa jicho baya na mtaa mzima.

Nikarudi Birmingham na ujuzi huo. Kandambili ilipoinuka tena, nilipiga yowe la Unguja halisi, la kuita watu. Upande wa pili wa ukuta televisheni ikaongezwa sauti.

Wanawake wa Balsall Heath, upande wa pili wa mji, Wazanzibari wenzake aliokutana nao kwenye shughuli, walimwonya Mama siku nyingi. Walimwambia hapa jirani haji kubisha hodi, hapa jirani hupiga simu, na wanaokuja baada ya simu hiyo, watu wa serikali, huja na mafaili na kuondoka na mtoto. Mama alisema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Kisha alirudi nyumbani akaikuta sahani kwenye sinki.

Nisiwasingizie jirani zetu ubaya. Baba wa nyumba ile alifanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Mkewe aligawa chakula cha mchana shuleni kwetu, na nikifika mbele ya foleni aliniita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita kila mtu wanayemwonea huruma, akanizidishia viazi. Walikuwa na binti mmoja, wa rika langu na darasa langu, rafiki yangu kuliko wote. Mama akiwa zamu nilishinda kwao, kwa hiyo adabu ya Kiingereza niliijua kwa karibu, na ilinichosha roho.

Kwanza haikuwa na haraka. Mama wa rafiki yangu alisema, "Ngoja baba yako arudi," kisha akaendelea kumenya viazi, nasi tukakaa kwenye ngazi tukisikiliza kila gari linalopita. Baba yake akirudi alivua viatu vya kazi, akanawa mikono, akasikiliza mashtaka, akatoa hukumu. Kofi la miguuni nililiona mara moja tu. Kwa kawaida ilikuwa hakuna kutoka nje wiki nzima. Au panda ukalale sasa hivi, na sasa hivi yenyewe ni mwezi wa Juni, jua linawaka na watoto wanapiga mpira chini ya dirisha. Au huinuki mezani mpaka umalize njegere zako, nazo zimeshapoa na kukunjamana. Hukumu ikishatoka, haikuwa na rufaa. "Nikisema nimesema," alisema, na mkewe hata akimwonea mwanawe huruma hakufungua mdomo.

Sikuelewa mtu anawezaje kubaki na hasira wiki nzima bila kuchoka. Kwetu magharibi umepigwa, isha unasukumiwa sahani ya wali yenye minofu kuliko ya wengine, na kila mtu anajua maana yake. Kwao sahani ilikuwa ile ile siku zote, kisahani cha njegere pembeni.

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi tulipofanya kosa letu kubwa. Maduka mapya ya katikati ya mji yalikuwa yamefunguliwa karibuni, lile jengo lililobandikwa visahani vya kung'aa ukuta mzima, na kila mtoto darasani alikuwa ameshapelekwa isipokuwa sisi. Nilimwambia Mama nakwenda kwa jirani. Mwenzangu akawaambia wazazi wake anakuja kwetu. Tukapanda basi hadi mjini, tukagusa kila kitu, tukala chipsi za siki tukiwa tumekaa kwenye ngazi, na tungerudi salama kama mwanamke mmoja wa Balsall Heath asingekuwa sokoni akinunua ndizi mbichi. Alituona. Hakutusemesha hata salamu. Alimpigia Mama simu. Kuja kuombea, watu wetu walikuwa wanakaa mbali. Kusemea waliweza kutoka popote.

Yangu yaliisha jioni ile ile. Kandambili, yowe, televisheni ya jirani juu, wali wa minofu. Mama aliwaambia jirani yaliyotokea, akidhani nao watamaliza mambo kabla ya kulala. Wao waliyaanza. Rafiki yangu alifungiwa ndani mpaka mwisho wa mwezi, na, alisema baba yake, safari ya shule haendi.

Safari ndiyo iliyoniuma. Mwezi wa saba darasa zima lilikuwa linakwenda Wales kwa wiki nzima, kupanda milima na kulala vitanda vya ghorofa. Tulishagawana kitanda, yeye juu mimi chini. Baada ya likizo tungekwenda shule tofauti za sekondari, yeye upande mmoja wa mji na mimi upande mwingine, na wote wawili tulijua mambo ya namna hiyo huishia wapi. Ile wiki ilikuwa ya mwisho kwetu. Na sasa nilikuwa niende nikalale chini ya kitanda kitupu kwa sababu ya kosa ambalo mimi nilishalilipia na kulisahau.

Nilimlilia Mama mpaka akaacha kukunja nguo.

"Nani kaenda kumwombea?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna mtu? Bibi yake je?"

"Bibi yake kasema baba yake kafanya vizuri."

Mama alishika kiuno. "Maskini mtoto wa watu. Yaani hana mtu hata mmoja?"

Nilipoona anatoa unga wa mchele na nazi ya kopo, nilijua kinachokuja. Mtu haendi kuombea mikono mitupu. Nilimwambia, kwa Kiingereza na kwa sauti ya juu, kwamba hawa hawafanyi hivyo, kwamba atanitia aibu, kwamba mambo yatakuwa mabaya zaidi. Mama akaendelea kukoroga mkate wa kumimina.

"Usinifanyie attitude," alisema. "Kavae viatu. Utanitafsiria."

Alivaa buibui lake zuri, la harusini. Alisimama mbele ya mlango wa jirani, mlango wenye kengele, akaita, "Hodi!" Ilibidi mimi nibonyeze kengele.

Baba wa nyumba alikuwa kwenye kiti chake, sahani mapajani, mpira kwenye televisheni. Mama alikaa kabla ya kukaribishwa. Akaanza kuuliza habari: za kazi, za mgongo wake, za mama yake mzazi, za gari lililokuwa likigoma. Kila jibu lilikuwa "nzuri, asante", na jicho lake moja lilikuwa kwenye mpira. Nilitamani ardhi inimeze. Mkate ulikuwa mezani kwenye karatasi yake ya fedha, hakuna aliyeugusa. Hatimaye Mama akanigeukia.

"Mwambie nimekuja kumwombea mtoto."

Nikamwambia. Aliwiva uso mpaka masikioni. Alisema anashukuru, lakini hayo ni mambo ya nyumbani kwake.

"Mwambie najua," alisema Mama. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Nikisema nimesema," alijibu yule baba. "Nikimwachia leo, kesho atanisikiliza kwa lipi?"

"Mwambie hamwachii mtoto. Ananiachia mimi. Amwambie binti yake, 'Ingekuwa ni mimi tu hungekwenda, kamshukuru jirani.' Hapo heshima yake imepungua wapi?"

Jaribu kumtafsiria hayo mwanaume wa Great Barr aliyetoka kazini amechoka, nawe una miaka kumi na moja. Nilitafsiri nusu, nusu nikameza. Ile nusu ilitosha kumwinua kitini.

"Sasa mwambie mama yako hivi," alisema. "Mimi nimesikia mengi kwenye ukuta huu. Nakusikia unavyolia. Kuna siku hata moja nimekuja kugonga mlango wenu kumfundisha namna ya kulea mtoto wake?"

Hilo sikulitafsiri. Nilitazama zulia. Lakini Mama alizungumza Kiingereza na wazee wa Edgbaston kila siku ya Mungu, na alikuwa amelielewa neno kwa neno. Alimjibu mwenyewe, polepole, kwa Kiingereza chake cha kazini.

"Hujaja," alisema. "Kwa nini hujaja?"



"Mimi nampiga, yeye analia, wewe unasikia," Mama aliendelea. "Mkono wangu uko juu, nasubiri mlango ugongwe. Haugongwi. Sasa mimi niache kwa ajili ya nani?"

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuja, mara nyingi tu, ila walidhani ni kuingilia. Mumewe alimtazama, akaitazama televisheni ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. "Haendi," alisema, lakini hakusema kwa sauti ile ya siku zote. Mama akaaga vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu aliyekirimiwa. Njiani kurudi kwetu, njia ya hatua chache tu, nilimwambia kwamba kaharibu kila kitu. Nilikuwa na hasira ya kulia. Nilitegemea kofi kwa sauti niliyoitumia, na kofi halikuja, na hilo nalo likanikera.

Asubuhi ya safari Mama alinisindikiza akiwa na sare yake ya kazi, akakaa getini kwa sababu alikuwa na haraka. Basi la shule lilishawasha injini, na watoto walishaanza kugombania viti vya nyuma. Hapo ndipo nilipomwona rafiki yangu anavuka uwanja akikimbia, na nyuma yake baba yake, kwenye nguo za kiwandani, kabeba begi la mwanawe begani. Nilimsikia akimwambia mwalimu kwamba palikuwa na mkanganyiko kidogo wa tarehe pale nyumbani. Uongo mtupu. Mwanaume yule alikuwa radhi aonekane hajui kusoma kalenda kuliko kusema amesamehe.

Rafiki yangu alishapanda basi. Baba yake akanijia, mikono mfukoni.

"Mwambie mama yako," alisema, "si kwa sababu ya ule mkate."

Nikasema sawa. Nikataka kwenda kupanda.

"Na mwambie..." Alitazama magurudumu ya basi kama anayeyakagua. "Mwambie mara nyingine nikisikia unalia, nitagonga."

Kisha akaondoka kwa njia ya nyuma, asipite getini alipokuwa Mama.

Nikakimbia getini na ujumbe, viti vyote vizuri vikiisha nyuma yangu, nikautoa wote kwa pumzi moja. Mama hakunielewa. Akataka niurudie.

"Kasema hivyo? Kasema atagonga?"

"Yes, Mama, kasema atagonga, basi linaondoka!"

Alilishika geti kwa mikono miwili akaanza kulia. Hakulia kwa siri. Alilia mbele ya akina mama wote wa Kiingereza waliokuwa wakipunga mikono, wakajifanya hawamwoni, nami nikimvuta mkono wa sare na kumwambia aache, watu wanatazama.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani nakaa peke yangu."

Mwalimu aliniita kwa mara ya mwisho, nikamwacha pale pale.