Mama Alipochelewa Tunduma

Robota la mitumba likifunguliwa sokoni, kuna harufu inayotangulia nguo: harufu ya dawa, vumbi na kabati la mtu usiyemjua. Wengine huziba pua. Mimi husimama nikavuta pumzi, na muuzaji hudhani nachagua gauni. Ndiyo harufu aliyorudi nayo mama kila safari, miaka ile biashara iliporuhusiwa na kila mwenye nguvu akawa mfanyabiashara, hata wake za walimu.

Tulikaa Suma, Rungwe, kwenye nyumba ya shule iliyopakana na shamba la chai. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Alitoka Singida, kwenye jua na vumbi, akapangiwa mahali ambapo mvua huaga asubuhi ikarudi mchana kama mgeni aliyesahau mwavuli. Watoto wa pale walicheza kwa Kinyakyusa. Mimi nilijua neno la "njoo" na neno la "ondoka", na hilo la pili ndilo nililolisikia zaidi. Sikuwa na ndugu. Mama akienda Tunduma, mpakani, kununua mzigo, nyumba ilibaki na watu wawili na kelele za mvua juu ya bati.

Sasa niwaambie jambo la baba, kwa kuwa ninyi hamkumjua. Alikuwa mtu wa hofu. Sisemi mwoga, upepo ulipong'oa paa la jiko, yeye ndiye aliyetulia akatafuta misumari. Alichoogopa ni yale ambayo hayajatokea. Mama akiondoka tu, mikono yake ilipoa, pumzi zikawa fupi kama za mtu anayepanda mlima. Alikwenda mlangoni kutazama barabara, akarudi, akaenda tena, hata siku ambazo ukungu ulikuwa umeimeza barabara yenyewe. Nami nilikaa jikoni kwenye kigoda, nikimsikiliza anavyotembea, mpweke kuliko kama ningekuwa peke yangu.

Ila kila asubuhi na kila jioni aliniita. Tulipiga magoti kwenye mkeka, naye akaomba sala ile ile, haikuongezeka wala kupungua: "Bwana, mama Neema yuko njiani, mimi na Neema tuko hapa. Wewe uko kwake na uko kwetu. Amina." Kisha alijiinua, magoti yakialika, akasema, "Haya, tumenye ndizi." Akaketi kumenya, na kisu kikitetemeka mkononi mwake.

Safari moja mama alitarajiwa Alhamisi. Hakuja. Ijumaa hakuja. Simu ilikuwa mbali, Tukuyu mjini, na hata tungeifikia, tungempigia nani? Jumamosi baba alishuka hadi barabara ya lami kuwauliza madereva wa malori. Alirudi amelowa chapachapa, akatikisa kichwa, akaninyooshea mkono twende mkekani.

Jumapili ilikuwa zamu yake ya kusoma neno kanisani. Nilidhani ataomba mwingine asome. Akavaa koti lake, akapanda mbele, akafungua Biblia. Kurasa zilikuwa zinachezacheza vidoleni mwake hata mimi niliyekaa benchi la nyuma nilizisikia. Watu wakageuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeishika sauti yake.

"Ndugu zangu," akasema mwishowe, "leo nina hofu. Mke wangu hajarudi. Mnivumilie, nitasoma polepole."

Akaweka kidole kwenye mstari, akasoma neno moja, akapumua, akasoma jingine, mtu aliyefundisha nusu ya kanisa lile kuhesabu. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Somo fupi likawa refu kuliko mahubiri. Lakini alilimaliza.

Mlangoni mzee wa kanisa alimshika mkono. "Mwalimu," akamwambia kwa upole, "mwenye imani haogopi."

"Labda, mzee," baba akajibu. "Lakini mimi ninavyo vyote viwili."

Mchana jirani yetu Mama Tumpe aliingia na magimbi ya moto aliyoyafunika kwa jani la mgomba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na kila "r" aliigeuza "l". "Pole, mwalimu," alisema. "Tusubili wote." Akakaa, akashika kisu, akaanza kumenya ndizi zetu bila kuulizwa. Alipoondoka, mvua ilikuwa imeanza tena. Nikapata ujasiri.

"Baba, Mungu anatusikia?"

"Anatusikia."

"Mbona bado unatetemeka?"

Aliitazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine. "Nisingeomba," akasema, "ningetetemeka nimejifunika blanketi. Sasa natetemeka huku nakupikia."

Mama alifika kesho yake asubuhi juu ya lori la ndizi, robota pembeni, tope mpaka magotini. Gari lao lilikuwa limevunjika ekseli, wakalala njiani wakisubiri spea. Alikuwa na njaa, na alitusimulia huku anacheka. Baba akamuuliza, "Umerudi?" Akajibu, "Nimerudi, baba Neema." Basi. Kisha baba akaenda nyuma ya jiko kunawa uso, na kunawa kule kulichukua muda mrefu sana.

Niliamini kwamba sasa amepona. Mama alipoondoka tena, mikono ikapoa vilevile, safari za mlangoni zikaanza upya, na jioni nikaitwa mkekani. Kimoyomoyo nilimhurumia: baba yangu huyu, nilifikiri, imani yake ni ndogo, haijatosha kumponya. Nililibeba wazo hilo mpaka nikawa mtu mzima.

Baba alikufa bila kupona hofu yake na bila kuiacha sala yake. Mwanangu wa kwanza alipokwenda shule ya bweni mbali, usiku ule ule nami nilianza kutembea sebuleni, pumzi fupi, mikono baridi, kila mtu mwingine amelala. Nilitaka kuomba na sikutaka kuomba peke yangu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Miaka yote ile nilidhani ananiita mkekani ili sauti zetu zikiwa mbili Mungu asikie vizuri zaidi. Kumbe Mungu alikwisha kusikia. Baba aliniita ili awe na mtu wa kusubiri naye.