Utitiri kwenye Shingo ya Barasa

Juzi, katika chumba cha upishi pale shuleni, mtu alimwaga karoti zilizokunwa juu ya bakuli la hamira, na harufu ile ikanifikia. Wenzangu waliendelea kuchekelea keki yao. Mimi nilisogea dirishani nikajifanya natafuta hewa. Sikuwaambia kitu, kwa sababu mimi si wa kuambia watu vitu, naandika tu. Lakini wewe unayesoma nitakuambia: hiyo ni harufu ya senge.

Senge ni dada ya baba, kwetu Wabukusu ndivyo anavyoitwa. Huyu wangu, Naliaka, alikaa nasi Riruta kwenye ploti ya vyumba vya mabati nyuma ya kinyozi. Kila asubuhi alienda kazini upande wa Loresho, kwenye jumba wanakofuga nzi wa matunda, wale wanaotoboa maembe na mapera na kuyajaza mabuu. Wanasayansi walitaka kuzijua tabia zao ili wawazuie. Kazi ya senge ilikuwa kuwapikia: karoti, hamira na sukari. Baba alisema nzi wa dada yake wanakula vizuri kuliko watoto wake.

Likizo moja ya Agosti, nikiwa na miaka minane, senge alikuwa akienda nami. Mama alikuwa anafulia watu Parklands, na nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kukaa na mimi. Zamani angekuwepo kaka yangu Simiyu. Simiyu alikuwa na selimundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hupinda kama mundu na kukwama mishipani. Mifupa ikimshika alilia kwa sauti ndogo, kama anayeomba msamaha. Senge ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabara ya Naivasha kutafuta gari, hata alipokuwa mkubwa na miguu yake karibu iguse chini. Tulimzika Desemba. Baada ya hapo nyumba yetu ilinyamaza, hata redio.

Kule kwa nzi kulikuwa na joto na unyevu, na mwanga kama wa ndani ya chupa ya kijani. Ndani ya kizimba cha wavu walikuwa wameweka mlimau mdogo wa kwenye ndoo. Madume yalikaa chini ya majani, kila moja na jani lake, yakipepea mabawa kama vijana wanaouza viatu mjini, kila mmoja na kipande chake cha lami. Jike lilipita, likatazama, likaenda kwa jingine. Kuna dume moja halikutazamwa na yeyote.

"Senge, huyo wa chini mbona hawamtaki?"

"Angalia shingo yake."

Niliona vidoa vyekundu, vidogo kuliko punje za chumvi.

"Ni utitiri," akasema. "Unamnyonya. Akipepea kidogo anachoka, na jike likiona hivyo linaenda zake."

"Linajua ni mgonjwa?"

"Halijui kitu. Linaona tu hana nguvu."

"Si mumtoe huo utitiri?"

"Hapa hatutibu, Nekesa. Hapa tunaangalia."

Wakati huo senge alikuwa na mchumba, Barasa, fundi wa mageti. Mikono yake ilijaa alama ndogo za cheche, na mimi aliniita shemeji mdogo. Akija na mahindi ya kuchoma, senge alicheka kicheko cha kutoka tumboni, na tangu Simiyu azikwe hakuna mwingine aliyecheka hivyo kwetu. Ndiyo maana nilimtaka Barasa abaki. Wazee walipanda kutoka Bungoma, wakakaa kwenye viti vya kuazima, wakauliza ukoo: wa baba, wa mama, wa nyanya wa huku na nyanya wa kule, wahakikishe damu haikutani mahali. Haikukutana. Wakala kuku, wakasema njia ni nyeupe.

Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na mchungaji huwatuma wachumba wakapimwe damu. Majibu yao yalichelewa. Jumapili ya kwanza majina yalisomwa, akina mama wakapiga vigelegele. Ya pili vilevile. Ya tatu mchungaji alisoma habari za viti vilivyokwenda matangani na havijarudi, akasoma mazoezi ya kwaya, akafunga daftari. Nilimgeukia senge. Alikuwa amevaa kitenge kipya, anatazama mbele. Mama akanishika mkono, akaufinya.

Mabati hayafichi maneno. Wiki hiyo nilisikia baba akimwambia mama kwamba damu ya Barasa imepatikana na kitu. Lililofuata sikulisikia, jirani alikuwa anapiga msumari. Kwa hiyo Jumamosi Barasa alipokuja akaketi kwenye stuli nje ya mlango, nilizunguka nyuma yake, nikamshika kola, nikaivuta.

"Unatafuta nini, shemeji mdogo?"

"Utitiri."

Alianza kucheka. Kisha akamtazama senge aliyesimama mlangoni na chai, akaacha.

"Barasa hana kitu," senge akaniambia. "Na kama anao, basi tunao wote wawili."

"Naliaka, watu wanazaa," Barasa akasema. "Daktari amesema inaweza kumpita mtoto."

"Ilinipita mimi, ikakupita wewe. Simiyu haikumpita."

"Basi tukae bila watoto."

"Utasema hivyo mwaka huu."

Barasa alikunywa ile chai yote, polepole, ingawa najua ilikuwa imepoa. Akaweka kikombe chini kwa adabu na kuniambia nisome kwa bidii.

Kidato cha tatu ndipo mwalimu wa biolojia aliponimalizia yale maneno yaliyomezwa na msumari. Mtu akirithi nusu tu ya ugonjwa ule wa Simiyu, haugui. Wawili wa nusu wakioana, ndipo mtoto anaweza kupata nzima. Na vimelea vya malaria hupata shida katika damu ya nusu, ndiyo maana watu wa upande wetu, kwenye mbu wengi, wanayo sana. Niliandika yote daftarini. Kumbe kilichomtenga Barasa na senge ndicho kilichowaacha hai nyanya zao, wazaliwe wao wakutane Riruta.

Na kumbe senge hakuwa kama lile jike. Jike liliona dume lisilo na nguvu likaenda. Senge aliona mtu mwenye nguvu za kutosha wawili, akamtaka, lakini mgongo wake ulikuwa bado unakumbuka uzito wa Simiyu.

Barasa alioa Kitale. Senge bado anapika karoti na hamira, na sijasikia tena kile kicheko. Mwezi uliopita aliniuliza kama niko tayari twende nikapimwe, maana mimi siugui lakini nusu huenda ninayo. Nilimjibu baada ya mtihani. Ukweli ni kwamba kuna kijana anayekaa dawati la mbele yangu, kwao ni Busia, kwenye mbu wengi kama kwetu, sidhani hata anajua nina sauti. Wasichana wengine husifu tabasamu lake. Mimi huiangalia tu shingo yake, safi, isiyosema chochote.