Ajali, Walisema Bomani

Mume wangu alikuwa seremala, na nguo zangu zote za miaka ile zilikuwa na maranda. Ukikung'uta kanga, yanadondoka. Ukikoroga uji, unakuta moja linaelea. Mimi nagomba, yeye anacheka na kuniambia nishukuru sikuolewa na mchoma mkaa.

Tuliishi Vudee, juu milimani, Waingereza walipokuwa bado wanatawala. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni. Kiingereza nilifundishwa na mwalimu wetu mkuu, mwanamke wa Kiingereza asiye na mume wala mtoto. Sote tulimwita Bibi, ingawa wakati ule hakuwa mzee. Alikuwa mkali, lakini alipenda maneno kama mfugaji anavyopenda kuku wake: anajua lipi limezaliwa na lipi, na lipi limehama banda. Mara nyingi baada ya masomo alinibakiza ili tusome pamoja, na nilibaki kwa hiari yangu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hizo.

Masika moja mume wangu alipata kazi ya kutengeneza milango ya duka jipya kule Same. Alihangaika nayo tangu mvua za kwanza. Alipomaliza, lori la mwenye duka lilipanda kuja kuichukua. Dereva wake alikuwa jirani yetu na mtu wa ukoo wetu, aliyemwita mume wangu kaka. Walipakia milango asubuhi, ukungu ukiwa umefunika migomba, nami nikaenda shuleni bila hata kumuaga vizuri mume wangu, aliyekuwa anashuka nayo Same. Nilimwambia tu asisahau chumvi.

Kabla ya saa ya mapumziko mke wa mchungaji alikuja akasimama mlangoni pa darasa. Hakuingia. Alimwita Bibi kwanza, na nikawaona wanavyozungumza, na jinsi Bibi alivyoshika ukuta. Niliendelea kuwaandikia watoto herufi ubaoni. Nilijua, lakini niliendelea kuandika.

Barabara ilikuwa imemeguka kwenye kona ya juu ya korongo, lori likaenda nayo. Dereva alitoka na bega lililovunjika. Mume wangu hakutoka. Wanaume waliokuwa wakilima bondeni ndio waliomfikia, na kwa kuwa hapakuwa na machela, walimlaza juu ya mmoja wa ile milango, wakampandisha mpaka nyumbani wakipokezana. Ulikuwa mlango mzuri. Sikuwa na la kufanya ila kuutazama, maana yeye mwenyewe walikuwa wamemfunika.

Tulimzika. Watu walikuja na makande, na maziwa, na viazi, na mimi sikuweza kumeza. Bibi naye alikuja. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, miguu yake mirefu ikimsumbua, akasema neno moja tu, "Pole," kisha akanyamaza mpaka jioni. Wanawake walimsifu kwa hilo. Walisema Mzungu huyu amefundishwa na mama yake.

Baadaye tuliitwa bomani Same kwa ajili ya uchunguzi. Tulishuka mimi, mama mkwe wangu, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Shemeji alikuwa na hasira. Njia nzima alisema dereva yule lazima afungwe, ukoo au si ukoo. Mama mkwe alitembea karibu naye. Alikuwa amebaki na mtoto huyo mmoja tu, na nadhani aliogopa pia kumpoteza kwa hasira.

Same palikuwa na joto na upepo wa vumbi kama kawaida. Bwana Shauri, yule afisa wa serikali aliyetusikiliza, alikuwa Mzungu kijana mwekundu usoni, mwenye adabu. Pembeni yake alisimama mkalimani, mzee wa kutoka Pangani, kanzu yake safi pamoja na vumbi lote lile. Dereva alisimama mbele, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, akajibu alivyoulizwa: ndiyo, breki zilikuwa nzima, hapana, hakuwa amekunywa, barabara ilikatika chini ya gurudumu. Fundi wa magari akathibitisha habari ya breki. Bwana Shauri akaandika kidogo, akainua uso, akasema kwa Kiingereza kwamba kifo hiki kilikuwa "accident", kwa hiyo hapakuwa na wa kushtakiwa.

Mkalimani akatugeukia. "Bwana Shauri anasema ni ajali."

Mama mkwe wangu alijua Kiswahili cha kanisani tu. Akamvuta shemeji, akamuuliza kwa Kipare maana yake nini. Shemeji akawaza kidogo, kisha akamwambia kama alivyolielewa mwenyewe: siku yake ilikuwa imefika, ile aliyopangiwa na Mungu.

Mama akamtazama Bwana Shauri. Halafu akasema polepole, "Mzungu ndiye aliyesema hivyo?"

"Ndiye, mama."

"Basi kama hata yeye anakiri ni Mungu, mimi nitabishana na nani?"

Akainuka, akamwendea dereva, akamshika ule mkono mzima. Dereva akaanza kulia mbele ya askari. Shemeji naye, nilimwona, hasira zikamtoka kama hewa kwenye tairi. Bwana Shauri alitazama mambo hayo bila kuelewa yalikotoka, akatikisa kichwa kwa heshima.

Mimi peke yangu katika familia nilijua Kiingereza, na mimi peke yangu nilitoka mle ndani na mzigo wangu vilevile. Kwa kuwa Bwana Shauri hakumtaja Mungu. Alichosema yeye ni kwamba jambo limetokea tu, na hakuna wa kuulizwa. Nilimfuata mkalimani barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

"Mzee, Bwana Shauri hakusema kwamba siku yake ilifika."

Alinitazama, akaona kwamba nimesikia yote. Hakukasirika. "Najua hakusema," alisema. "Lakini neno nililo nalo ni hilo. Kwetu pwani, tulipokuwa wadogo, ajali ilikuwa ni siku ya mtu, ile aliyoandikiwa. Hata anayekufa kitandani kwake, amefikwa na ajali. Yalipokuja magari, watu wakalipakia neno kwenye magari. Siku hizi lori linagonga mti, dereva anashuka anajipangusa, wanasema amepata ajali. Mimi nikilisikia hivyo linanikwaruza. Mama mkweo amelisikia la zamani. Mwache nalo."

Nilimwacha nalo. Lakini mimi sikulipata.

Nilirudi kufundisha, na siku moja baada ya masomo nikamuuliza Bibi neno lile la bomani maana yake ni nini hasa. Alitaka kunijibu kwa haraka, akajizuia. Akaleta kamusi yake kubwa, akasoma kwanza yeye mwenyewe, kisha akanieleza. Alisema zamani sana "accident" lilikuwa ni kitu chochote kinachomwangukia mtu. Kizuri au kibaya, yote sawa. Unaweza kupata mali, ikaitwa hivyo. Baadaye kidogo kidogo mazuri yalitafuta maneno mengine, na lile likabaki na mabaya peke yake.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Sijui. Labda kwa sababu mazuri hatuyaulizi yametoka wapi."

Alikuwa bado ameacha kidole chake ndani ya kitabu. Kisha akaniambia habari ambayo katika miaka yote ile hakuwa ameitaja. Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Alikufa vitani baharini, meli yake ikazama, na hakuna kaburi. Nyumbani kwao walipoletewa habari, neno lililotumika lilikuwa "casualty". Nalo, alisema, lilikuwa zamani neno la mambo ya kubahatisha tu, kama mvua kunyesha siku ya soko. Wanajeshi wakalichukua walipotaka kuhesabu watu waliopungua, na sasa ndilo jina la mtu mwenyewe aliyekufa au kuumia.

"Mama yangu alilikataa," alisema. "Majirani walipokuja na kulitamka, aliwaambia: mwanangu amekufa. Semeni amekufa. Akawasubiri mpaka waseme."

"Wakasema?"

"Wakasema. Wengine hawakurudi tena."

Sikuwa nimewahi kumwona Bibi akilia, na siku ile pia hakulia. Alifunika kamusi, akaniuliza kama ninakula. Nilimwambia ukweli, kwamba chakula kinanikaa kooni. Akaniambia kwamba "sad", neno lile dogo nililowafundisha watoto kwa kuwachorea uso wenye mdomo uliopinda, mababu zake walilitumia kwa mtu aliyeshiba. Aliyekula mpaka hawezi tena. Kutoka hapo likawa uzito, kutoka uzito likawa huzuni. Nilifikiri juu ya hilo nikipanda nyumbani. Lilikuwa neno la kwanza tangu msiba lililonieleza vizuri. Nilikuwa sina njaa kwa sababu nilikuwa nimejaa.

Hayo yalinisaidia, lakini hayakuniambia mume wangu alikufaje.

Dereva ndiye aliyekuja kuniambia. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kupita kwetu. Nilikuwa napalilia mahindi chini ya ndiva, lile bwawa ambalo kitongoji chetu huhifadhia maji ya kumwagilia, nikamwona anashuka kwenye mfereji, bega moja limelala chini kuliko lingine. Alinisalimu, akasimama pembeni ya mstari wa mahindi kama mgeni.

"Shemeji," alisema, "bomani walinimaliza kwa neno moja. Nilitoka pale huru, na silali. Mama amenisamehe kwa sababu ya Mungu. Bwana Shauri ameniachia kwa sababu ya breki. Hakuna aliyeniuliza tulizungumza nini na kaka."

Nikaacha jembe. "Mlizungumza nini?"

"Nilisimamisha gari. Niliuona ufa. Haukuwa mkubwa, nimewahi kupita kwenye kubwa zaidi. Nikamwambia, kaka, shuka, vuka kwa miguu, mimi nitapitisha gari tupu. Alikuwa nyuma, amekaa juu ya milango. Akaniambia akishuka itarukaruka na kukwaruzana, na rangi bado mbichi. Akasema, wewe nenda taratibu, mimi nitaikalia. Sikumbishia, shemeji. Ningembishia mara moja tu angeshuka. Nikaenda taratibu, kama alivyoniambia."

Nilimwona mume wangu kabisa: magoti yake, viganja vyake vimelala juu ya zile mbao, anaikalia milango ya mtu mwingine kama kuku anayeatamia. Alikuwa hivyo. Chakula kingeweza kupoa, nyumba ingeweza kuvuja, lakini kitu alichokipiga randa hakikwaruzwi. Nikalia, na kilikuwa kilio kingine, si kile cha mazishini ambacho watu wanakusaidia. Hiki kilikuwa changu.

Dereva alidhani ameniua. "Nisamehe," alisema. "Sikuja kukuongezea."

"Hujaniongezea," nilimwambia nilipoweza. "Yeye ndivyo alivyokuwa. Hata mimi asingenisikia."

"Kwa hiyo siku ile tuiite nini?"

"Sijui, shemeji. Tusiiite."

Akaokota jembe langu, akamalizia mstari niliouacha, kwa mkono mmoja na nusu. Nilimwachia alime. Tangu siku hiyo hakuendesha gari tena. Alilima, akafuga, na kila zamu yetu ya maji ilipofika, alikuwa ameshasafisha mfereji kabla sijaamka. Mke wake na mimi tulizoeana kuliko hata zamani.

Mama mkwe sikumwambia kamwe. Aliishi miaka mingine mingi na ajali yake, ile ya zamani, na kila aliposali alimshukuru Mungu kwamba mwanawe hakuchukuliwa na mtu. Shemeji yangu alijua baadaye, kutoka kwa dereva mwenyewe. Walinyamaziana kwa muda, kisha yakaisha.

Bibi aliondoka karibu na mwisho wa utawala wao. Nilimsindikiza mpaka stesheni ya Same pamoja na walimu wengine. Treni ya asubuhi ilichelewa kidogo, tukakaa kwenye benchi kivulini, upepo unapeperusha kofia yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya Kiingereza ya kumuaga, maneno mazuri, na yote yakanipotea. Nilimuuliza tu kama mama yake bado yu hai.

"Bado," alisema. "Anamtaja mdogo wangu kila siku. Sasa anamtaja kama bado mtoto mdogo. Ananiandikia kwamba jana alikataa kula karoti."

Treni ikaingia. Tulimpakilia masanduku yake, mepesi kuliko nilivyodhania. Alinishika mkono dirishani, akaniambia kwa Kipare, kwa lafudhi yake ile mbaya, niwasalimie nyumbani. Nikamjibu watasikia. Treni ikaondoka kuelekea Lembeni, nasi tukaanza kupanda mlima kabla jua halijawa kali.